Nyumba Ile Ile, Mara Mbili

Katikati ya miaka ya 1980 bei za nyumba katika jiji la Boston, Marekani, zilipanda kwa kasi iliyowashangaza hata madalali. Ndani ya miaka minne hivi, nyumba ya kawaida ya familia moja ikawa inauzwa kwa takriban maradufu ya bei yake ya 1983. Maelezo hayakukosekana. Kampuni za kompyuta zilikuwa zinaajiri, vyuo vikuu vilikuwa vinavuta watu, riba ilikuwa imeshuka kutoka kilele cha mwanzo wa muongo. Karl Case, aliyekuwa akifundisha uchumi katika Chuo cha Wellesley karibu na jiji hilo, alizichukua sababu hizo moja baada ya nyingine akazipima: ajira, mapato, gharama za ujenzi, riba, idadi ya watu. Katika makala aliyoichapisha 1986 alionyesha kwamba hata zikijumlishwa zote, zinaeleza sehemu ndogo tu ya kupanda kule. Kwa sehemu kubwa iliyobaki, jibu lake lilikuwa matarajio: watu walinunua kwa kuwa waliamini bei zitazidi kupanda, na bei zilipanda kwa kuwa watu walikuwa wananunua.

Makala hiyo haikutaja siku ambayo bei zingeanguka. Mwishoni mwa muongo zilianza kulegea, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 zilikuwa zimeshuka kweli. Mimi namheshimu Case kwa jambo lililotangulia ubashiri wowote. Kabla ya kusema lolote kuhusu kesho, aliuliza kwa ukali: bei zimepanda kiasi gani hasa, na nani anajua? Ufundi wa kubashiri bei za nyumba umelala hapo, na wachache huuona kwa sababu hufanyika mezani, juu ya orodha za mauzo ya zamani, mbali kabisa na vichwa vya habari.

Ugumu wake ni huu. Hisa za kampuni moja zinafanana zote, na huuzwa kwa maelfu kila siku. Nyumba hazifanani, na nyumba moja inaweza kukaa miaka kumi na tano bila kuuzwa. Tuseme mwezi huu zimeuzwa nyumba kumi, nyingi zikiwa za vyumba viwili pembezoni mwa mji. Mwezi ujao zinauzwa kumi nyingine, nyingi zikiwa za ghorofa zenye bustani kubwa. Wastani utaruka juu ilhali hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyetajirika. Bei ya katikati nayo hudanganyika vivyo hivyo, na inaweza kudanganyika wakati mbaya kuliko wote. Soko linapoanza kuyumba na benki zikabana mikopo, wanunuzi wa kipato cha chini hujiondoa kwanza. Zinabaki kuuzwa nyumba za wenye nazo, na takwimu zinatangaza kwamba bei zimepanda. Mtu akijenga ubashiri juu ya takwimu hiyo, atapotea kabla hajaanza safari.

Dawa ilitolewa 1963 na watafiti watatu, Martin Bailey, Richard Muth na Hugh Nourse, waliofanyia kazi mauzo ya jiji la St. Louis. Waliacha kulinganisha nyumba hii na ile, wakailinganisha kila nyumba na yenyewe: iliuzwa kiasi gani mara ya kwanza, na kiasi gani mara ya pili. Ni kama mzazi anayempima mtoto ukutani kwa mkaa. Hahitaji kujua urefu wa watoto wa jirani ili ajue wake amekua. Jozi moja peke yake haisemi mengi. Nyumba iliyouzwa 1971 na tena 1978 inakwambia jumla ya miaka saba, haikwambii mwaka upi ulifanya nini. Lakini nyingine iliuzwa 1974 na 1976, nyingine 1970 na 1975, na vipindi vyao vinapandana. Ukiwa na jozi za kutosha, hesabu hutafuta mfululizo mmoja wa mabadiliko ya bei unaokubaliana nazo zote kwa karibu iwezekanavyo. Miaka ambayo haikuonekana ndani ya jozi moja inajitokeza ndani ya elfu moja.

Case aliungana na Robert Shiller wa Chuo Kikuu cha Yale kulifufua wazo hilo, na sehemu hii ya habari yao ndiyo niipendayo kuliko zote. Walipata kumbukumbu za mauzo kutoka Atlanta, Chicago, Dallas na San Francisco pamoja na Oakland, za 1970 hadi 1986. Zilikuwa karibu milioni moja. Kisha wakaanza kutupa. Nyumba iliyoonekana mara moja tu ndani ya miaka hiyo, nje. Iliyobadilika hali kati ya mauzo mawili, kwa mfano iliyoongezwa vyumba, nje. Waliporidhika, zilikuwa zimebaki nyumba 39,210. Katika kila rekodi mia, walibakiza chini ya kumi. Mtafiti mwenye pupa angeona uchungu kutupa mali nyingi hivyo, na angetafuta kisingizio cha kubakisha hata nusu. Wao walichagua kubaki na kidogo wanachoweza kukiamini.

Hata hizo chache hawakuzipa sauti sawa. Nyumba iliyouzwa mara mbili ndani ya miaka miwili huenda haijabadilika sana. Iliyokaa miaka kumi na minne imepita mengi: jiko limefanywa upya, au paa limeoza bila kutengenezwa, shule ya jirani imepata jina au imelipoteza. Kwa hiyo kadiri muda kati ya mauzo ulivyokuwa mrefu, ndivyo walivyoipunguzia jozi hiyo uzito katika hesabu. Fahirisi inayobeba majina yao leo bado inafuata nidhamu ile. Mauzo kati ya ndugu huondolewa, maana baba akimuuzia mwanawe hiyo si bei ya soko. Nyumba iliyonunuliwa na kuuzwa tena kabla ya miezi sita huondolewa pia, kwa kuwa huenda ilikarabatiwa harakaharaka. Takwimu hutolewa kama wastani wa miezi mitatu, na hutoka ikiwa na umri wa miezi miwili hivi. Wapo wanaolalamika kwamba inachelewa. Mimi naona kuchelewa huko ni gharama ya kusema kweli, na anayebashiri hana budi kuihesabu: hata siku anaposoma takwimu mpya, anatazama nyuma.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ataona mara moja kwa nini njia hii haihamishiki kwetu ilivyo. Nyumba zetu nyingi hujengwa chumba kwa chumba, kiwanja kikinunuliwa mwaka huu na bati likingoja mwaka mwingine; zikikamilika, hurithiwa zaidi kuliko kuuzwa. Bei inayoandikwa kwenye mkataba nayo haiaminiki kila mara, maana huenda imetajwa ndogo ili kupunguza ushuru wa stempu. Mikopo ya nyumba katika Kenya yote haifiki hata laki moja. Chama cha Mabenki Kenya kilipoanza kuchapisha fahirisi yake 2015, kilitumia njia nyingine: bei ya kila nyumba huvunjwa katika sifa zake, yaani vyumba, ukubwa, eneo na aina ya jengo, ili ijulikane kila sifa imechangia kiasi gani, kisha zifuatiliwe bei za nyumba yenye sifa zilezile robo mwaka hadi robo mwaka. Ni kazi ya subira vilevile, na inastahili wasomaji wengi kuliko inaowapata.

Baada ya kupata kipimo wanachokiamini, Case na Shiller waliuliza swali la ubashiri wenyewe: je, jana inasema lolote kuhusu kesho? Jibu lao la 1989 lilikwenda kinyume na mafundisho ya masoko yaliyokuwa yakitawala. Bei za jiji zikipanda mwaka huu, zina mwelekeo wa kupanda mwaka ujao pia, kwa kiasi cha robo hadi nusu ya mabadiliko ya mwaka huu. Katika soko la hisa nafasi kama hiyo isingedumu. Wajanja wangeimaliza asubuhi moja. Katika nyumba inadumu kwa sababu mjanja hawezi kufanya mengi. Kununua na kuuza kuna ada za madalali na wanasheria, kunachukua miezi, na mwenye nyumba akihisi bei zitashuka hawezi kulala nje mwaka mzima ili ainunue tena kwa bei nafuu.

Ndiyo maana anayeujua ufundi huu, ukimuuliza bei zitakwendaje miezi kumi na miwili ijayo, hukujibu kwa utulivu, na ukimuuliza miaka mitano hubadilisha sauti. Kwa mwaka mmoja ana nguvu ya mwendo inayomsaidia. Zaidi ya hapo, kitu anachokihitaji ni kujua bei zitageukia wapi, na mwendo hauonyeshi kona.

Kona zina dalili zake, ila haziko katika bei. Wanauchumi David Genesove na Christopher Mayer walichunguza wauzaji wa nyumba za ghorofani katikati ya Boston baada ya soko lile la Case kuanguka, wakachapisha matokeo 2001. Mwenye nyumba aliyekuwa karibu kuuza kwa hasara aliweka bei ya juu kuliko jirani yake mwenye nyumba kama yake aliyenunua zamani kwa bei ndogo, na nyumba yake ilikaa sokoni muda mrefu zaidi. Watu hawakubali hasara upesi. Hungoja, hukataa, huiondoa nyumba sokoni na kuirudisha majira mengine. Kwa hiyo soko linapougua, bei husimama kana kwamba ni nzima, na ugonjwa huonekana kwingine: idadi ya mauzo hupungua, siku za nyumba kukaa na kibao huongezeka, nyumba zilizo sokoni hurundikana mpaka ikahitajika miezi mingi kuzimaliza kwa kasi ya wakati huo. Mwanauchumi Edward Leamer wa Los Angeles alilisema hili mbele ya wakuu wa benki kuu huko Jackson Hole, Marekani, 2007: mzunguko wa nyumba ni wa idadi, si wa bei. Fundi mzuri husoma idadi kwanza. Bei huisoma baadaye, kuthibitisha.

Kuna chombo kingine, rahisi kiasi cha kuonekana cha kitoto: kuwauliza watu. Mwaka 1988 Case na Shiller walituma kwa posta karatasi za maswali kwa watu wapatao 2,000 waliokuwa wametoka kununua nyumba katika eneo la Los Angeles, San Francisco, Boston na Milwaukee. Milwaukee iliwekwa kwa makusudi, kwa kuwa huko soko lilikuwa shwari. Waliwauliza wanatarajia nini mwaka ujao, na nini kwa mwaka katika miaka kumi ijayo. Maswali hayo yalirudiwa, na kuanzia 2003 yakawa ya kila mwaka, kwa hiyo tuna matarajio ya wanunuzi kabla, wakati na baada ya anguko kubwa la bei za nyumba Marekani. Walipoyachambua yote 2012, pamoja na Anne Thompson, walikuta jambo lililonifundisha mengi. Kuhusu mwaka mmoja ujao, wanunuzi walikuwa na akili timamu. Kama walikosea, ni kwa kutarajia mabadiliko madogo kuliko yaliyotokea. Kosa lilikuwa katika ile miaka kumi. Kwenye kilele, wengi waliamini nyumba zao zingepanda kwa zaidi ya asilimia kumi kila mwaka kwa muongo mzima, na mtu anayeamini hivyo hakuna mkopo utakaomwogopesha.

Ili kujua imani kama hiyo ina ukweli gani, mfululizo wa miaka ishirini hautoshi. Piet Eichholtz, mtafiti wa Uholanzi, alipata wa miaka 345. Mtaa wa Herengracht jijini Amsterdam, mfereji wenye nyumba za wafanyabiashara wa karne ya 17, ulikuwa umeandikiwa kitabu kinachofuata wamiliki wa kila nyumba kwa karne nne. Eichholtz alizichukua bei zilizomo, akazipanga jozi kwa jozi kuanzia 1628 hadi 1973, akaondoa mfumko wa bei, na 1997 akachapisha fahirisi. Kwa mtaa ule, uliokuwa na heshima wakati wote huo, thamani halisi iliongezeka takriban maradufu tu, yaani kama asilimia 0.2 kwa mwaka. Katikati ya safari kuna vita, tauni, na enzi ya Wafaransa ambapo thamani ilididimia hadi chini kabisa. Mtu aliyezaliwa katika kipindi cha kupanda angeweza kufa mzee akiamini kwamba nyumba hupanda siku zote, na mjukuu wake akafa akiamini kinyume. Shiller alifanya kazi inayofanana kwa Marekani kuanzia 1890, akaiweka katika toleo la 2005 la kitabu chake Irrational Exuberance: thamani halisi ilikuwa imekua chini ya nusu asilimia kwa mwaka, na kipande cha mwisho cha mchoro kilisimama wima kuliko chochote kilichokitangulia. Mwaka uliofuata bei zilifika kilele. Kufikia 2012 fahirisi ya taifa ilikuwa imeshuka zaidi ya robo. Las Vegas ilipoteza zaidi ya nusu. Dallas, ambako ardhi ya kujenga ni tele na bei hazikuwa zimepaa, ilipoteza kidogo zaidi ya asilimia kumi, na tofauti hiyo inaonyesha kwa nini fundi anayeheshimu kazi yake hukwepa kuzungumzia nchi nzima kwa pumzi moja.

Siwezi kuusifu ufundi huu bila kumtaja Homer Hoyt, ingawa kumtaja kunaniuma. Mwaka 1933 alichapisha historia ya thamani ya ardhi ya Chicago kwa miaka mia, kazi ya uvumilivu wa ajabu, akitembea katika kumbukumbu za mauzo tangu Chicago ilipokuwa kijiji kando ya ziwa. Aliona mzunguko wa miaka kumi na minane hivi, wenye vilele kuanzia kile cha 1836 hadi cha 1925. Waliomfuata waliigeuza hesabu hiyo kuwa kalenda, na kalenda haikutimia: miaka kumi na minane baada ya 1925 ilikuwa katikati ya vita vya dunia, na baada ya vita nyumba zikaingia katika ukuaji ambao hakuna mzunguko uliouahidi. Hilo linasameheka. Lisilosameheka ni kwamba ndani ya kitabu hichohicho alipanga mataifa na rangi za watu kwa namna alivyodai zinaathiri thamani ya ardhi, Waingereza na Wajerumani juu, watu weusi na Wamexico chini kabisa. Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara mpya ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba, na fikra za namna hiyo zikawa kanuni. Mtaa ulionyimwa mikopo kwa sababu ilibashiriwa thamani yake ingeshuka ulishuka thamani kwa sababu ulinyimwa mikopo. Familia zilizoishi humo zilipoteza urithi ambao wengine waliujenga kwa vizazi. Kila anayebashiri bei za nyumba za watu anapaswa kulijua hili, kwa kuwa benki husoma ubashiri, na benki zina uwezo wa kuutimiza.

Kuna mpaka mwingine ambao Case na Shiller waliuandika mapema, na ambao wenye mitambo ya kukadiria bei waliusahau. Katika makala ya 1989 walionya kwamba bei ya nyumba moja moja ina kelele nyingi mno kiasi kwamba kujua mwelekeo wa jiji kunasaidia kidogo sana kuijua nyumba ya mtu fulani. Kampuni ya Zillow ya Marekani ilikuwa na makadirio ya bei za mamilioni ya nyumba ilipoingia katika biashara ya kununua nyumba na kuziuza baada ya miezi michache. Novemba 2021 ilitangaza kuifunga biashara hiyo, ikieleza kwamba ugumu wa kubashiri bei ulizidi matarajio yake. Soko la taifa wakati huo lilikuwa bado linapanda.

Kisha ukaja mtihani wa 2022. Riba ya mkopo wa nyumba wa miaka thelathini Marekani ilikuwa kama asilimia 3 mwishoni mwa 2021. Oktoba iliyofuata ilipita 7. Malipo ya kila mwezi kwa mnunuzi mpya yaliruka mno, na kwa kila kanuni iliyozoeleka bei zilipaswa kuporomoka. Wengi waliojulikana kwa umakini walisema hivyo. Mauzo yalianguka kama walivyotarajia: 2023 ziliuzwa nyumba za zamani milioni 4.09 tu, idadi iliyokuwa ndogo kuliko zote tangu 1995 hadi wakati huo. Bei zililegea kwa asilimia chache kuanzia katikati ya 2022, zikageuka mapema 2023, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimevuka kilele cha zamani.

Waliokosea vizuri ndio ninaowafuata tangu hapo. Hawakusema soko limekuwa la ajabu. Walirudi kwenye orodha kutafuta nyumba ambazo hazikuwamo, yaani zile ambazo wenyewe hawakuziuza, wakakuta sababu yake: mwenye mkopo wa asilimia 3 akihama atauacha na kuchukua wa 7, hivyo hahami. Wanunuzi walipungua na wauzaji wakapungua pamoja nao. Ile dalili ya idadi, iliyokuwa mwongozo mwema kwa miaka mingi, safari hii ilikuwa na pande mbili, na ilibidi kutenganisha mauzo yanayopungua huku nyumba zikirundikana na mauzo yanayopungua huku rafu zikiwa tupu. Sasa hesabu zao zina safu mpya: ni wamiliki wangapi bado wanashikilia mikopo ya riba ya zamani, na wanaiachia kwa kasi gani. Kasi hiyo haitegemei benki kuu peke yake. Watu huoa na kuachana, hupata watoto wa tatu, huhamishiwa kazi miji mingine, hustaafu, hufariki, na kila mara mkopo mmoja wa asilimia 3 hufungwa na nyumba moja huingia sokoni. Wanazihesabu hizo, mwezi kwa mwezi, jiji kwa jiji.